Hukumu ya Yoga ya Taratibu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Miongoni mwa masuala wanayoulizwa maimamu ni hili: Muislamu mwenye maumivu ya mgongo ameshauriwa kufanya yoga ya taratibu, ambayo mtu hukaa katika mkao mmoja kwa dakika 3 hadi 5, akiiacha misuli ilegee. Je, inajuzu?

Mafaqihi wametufunza kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Yoga katika India ya kale ilikuwa njia ya kiroho, na Waislamu waliifahamu zamani. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga.

Ama aina hii ya taratibu, iitwayo yin, ni changa. Ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa Paulie Zink, kisha ikaenezwa na Paul Grilley. Imechanganya mikao ya Kihindi na fikra za Tao za Kichina, zinazodai kuwa nguvu iitwayo chi hupita katika njia zisizoonekana mwilini. Basi ndani yake mna mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni mikao. Kuinama na kunyoosha miguu ni harakati za kawaida, na asili ya mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Upo mkao wa kuweka paji la uso sakafuni unaofanana na sijda, lakini umbo peke yake haliwi ibada bila ya nia.

La pili ni itikadi. Kuitegemea chi kuwa ndiyo inayoponya ni kudai jambo la ghaibu bila ya dalili, na ni kuitia dosari Tawhidi.

La tatu ni maneno. Kutamka nyimbo za kuwatukuza miungu ni haramu, na asiyejua maana yake hana ruhusa ya kuyafuata kibubusa.

Mpambanuo huu si mgeni. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga inayokusanya mazoezi, ibada na maneno hayo. Januari 2009 Baraza la Maulamaa wa Indonesia likaharamisha yenye ibada za Kihindu, likaruhusu iliyo mazoezi matupu.

Hata hivyo, aina hii inahitaji tahadhari zaidi. Katika mazoezi ya haraka mtu hushughulika na pumzi zake. Hapa hukaa kimya dakika nyingi huku mwalimu akiielekeza nafsi yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa ni hili: katika kimya kile unaambiwa nini?

Akiambiwa alegeze bega na apumue, hapana ubaya, maadamu amesitiri tupu yake, hapana mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na Sala haimpiti. Akiambiwa aiite nguvu fulani, na aondoke. Kunyoosha viungo atakupata kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, au nyumbani kwake. Wala asiifanye mikao hiyo kuwa namna mpya ya dhikri, kwani ibada haizuliwi.

Wallahu a'alam.