Simu ya denti: tumpokonye au tumfundishe?

Hebu nikuulize, msomaji. Umefungua begi la binti yako wa kidato cha pili, umekuta simu ambayo hukuinunua wewe wala baba yake. Utaanza na lipi? Wengi wetu tutafoka, "Nani kakuruhusu?" Mimi naona swali zito zaidi ni "Nani kakupa?"

Shule nyingi za bweni hapa Bongo zilishafunga mjadala zamani: simu marufuku. Ukidakwa nayo inachukuliwa, mzazi anaitwa, na pengine unarudishwa nyumbani. Oktoba 2019 mambo yalifika mbali. Albert Chalamila, wakati huo mkuu wa mkoa wa Mbeya, aliwachapa viboko wanafunzi wa sekondari ya Kiwanja, wilayani Chunya, waliotuhumiwa kuwa na simu baada ya mabweni kuungua. Rais Magufuli alimsifu. Wapo waliopiga makofi, wapo waliokumbusha kwamba kanuni zinamruhusu mkuu wa shule tu au mwalimu aliyemteua. Cha kuchekesha, kama kinachekesha, video ya viboko vile wengi waliiona kupitia mitandao hiyo hiyo!

Wala tusijione washamba. Ufaransa ilizuia simu katika shule za msingi na za kati tangu 2018. Australia imekwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 10, 2025, aliye chini ya miaka 16 hatakiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa kama TikTok na Instagram. Na faini, ambayo inaweza kufika dola zao milioni 49.5, inaiangukia kampuni, si mtoto wala mzazi.

Darasani mimi sina ubishi. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi akishavurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Kipindi cha dakika 40, kimekwisha hicho. Na bwenini usiku, denti anayechati chini ya shuka hadi saa nane ataielewaje hesabu ya saa mbili asubuhi?

Lakini sikia upande wa pili, maana huku ndiko kwenye moto.

Fataki unamjua. Tulimcheka redioni mwishoni mwa miaka ya 2000, lile zee linalovizia watoto wa shule kwa chipsi kuku. Siku hizi hasimami kituo cha daladala. Anaingia inbox na "mambo mrembo", anarusha bando, wiki ya tatu anatuma simu yenyewe. Halafu anaomba picha. Akishaipata lugha inabadilika: njoo tuonane, la sivyo naipeleka kwa mwalimu wako.

Sasa binti afanyeje? Akimwambia matroni, jambo la kwanza analokiri ni kwamba ana simu, na adhabu yake anaijua. Akimwambia mama, atafokewa. Kwa hiyo ananyamaza, anakwenda. Marufuku tuliyoiweka kumlinda imekuwa fimbo mkononi mwa fataki! Na wavulana nao wamo, tusidanganyane, wao pia wanatishiwa kwa picha, ila aibu inawaziba midomo.

Ndiyo maana nasema marufuku ibaki, ila iongezwe sharti moja lisilo na utata: mwanafunzi anayekuja kueleza kwamba anatishwa, haadhibiwi kwa kuwa na simu. Litamkwe paredini, wote walisikie. Shule za kutwa zipokee simu asubuhi, zirudishe jioni. Na mwalimu asisome meseji za mtoto mbele ya wenzake. Huko ni kudhalilisha, na wengine waliokuwa wanajiandaa kusema watafunga midomo kabisa.

Mzazi, na wewe unayeficha simu kwenye mfuko wa unga siku ya kufungua shule, unamfundisha nini mwanao? Likizo ya Juni na Desemba ndiyo nafasi yako. Keti naye, mwonyeshe jinsi ya kumblock mtu na kwa nini asitume picha. Mwambie pia kwamba kusambaza picha ya utupu ya mwenzake si utani wa grupu la WhatsApp, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Na kwako denti uliyekwisha kunaswa: usifute meseji, ndiyo ushahidi. Usitume hela wala picha nyingine, hatoshiba. Piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na haikatwi salio, au nenda na mtu mzima unayemwamini kwenye dawati la jinsia na watoto polisi. Mtu mzima anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayepaswa kuogopa ni yeye.