Kibwezi Magharibi na hesabu ya wastani (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulitazama zabuni ya mfumo wa kompyuta inavyoandikwa. Leo mzigo umeshafika, malipo yameanza, na swali ni moja: je, tulichopewa ndicho tulichonunua? Mfano hauko mbali. Upo Makueni.

Jumanne, Agosti 9, 2022, vifaa vya KIEMS, vya kutambua wapigakura, viligoma katika baadhi ya vituo vya eneobunge la Kibwezi Magharibi. Aliyewahi kupiga kura anajua mambo yanavyokwenda: unaweka kidole kwenye kioo kidogo, sura yako inatokea. Kidole kilicholiwa na mpini wa jembe kikikataliwa, karani anaingiza nambari ya kitambulisho. Lakini njia zote mbili zimo ndani ya kifaa kimoja. Kikizima, zimezima zote. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikalazimika kuruhusu daftari la karatasi huko na katika sehemu za Kakamega.

Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Septemba 5, 2022, ilitaja vituo 235 ambako vifaa vilishindwa kutambua wapigakura, na watu 86,889 walioruhusiwa kupiga kura kwa utaratibu wa karatasi. Nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229. Hiyo ni kama nusu ya asilimia moja. Majaji waliridhika kwamba Fomu 32A, za kuthibitisha wapigakura hao, zilijazwa, na matokeo yakabaki. Sina ugomvi nao: wao walikuwa wakipima uchaguzi. Mimi hapa napima ununuzi, na ratili zake ni nyingine.

Tuseme mkataba unadai mfumo ufanye kazi katika asilimia 99 ya vituo. Unasikika mkali. Piga hesabu: unaruhusu vituo 462 kukwama, karibu maeneobunge matatu ya kawaida, na mzabuni bado anadai chake chote. Aliyesimama foleni tangu alfajiri pale Makindu hakupigia kura kwenye wastani. Kwake kifaa kilikuwa kimoja, nacho kimekufa.

Vuka Mto Athi uingie Kitui, kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni. Kifaa cha akiba kikiwa Kitui mjini na kituo kiko Tseikuru, hiyo akiba ni ya kwenye karatasi. Kipimo cha maana hapo ni saa: kifaa kikizima saa kumi na mbili asubuhi, kingine kiwe kinafanya kazi mezani kufikia saa ngapi, na mzabuni akatwe kiasi gani kwa kila saa inayopita?

Meno ya kuuma tunayo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatambua kamati ya ukaguzi na upokeaji, na inamtaka mzabuni aweke dhamana ya utekelezaji isiyozidi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Ila kamati ikihesabu masanduku ghalani, imepokea masanduku. Kifaa kilichowaka kwenye bohari ya Nairobi, penye umeme na mtandao, hakijajaribiwa. Kijaribiwe darasani, kwa betri yake, siku nzima, kwa vidole vya wakulima. Machi 4, 2013 kompyuta za kutambua wapigakura zilizimika kwa kuishiwa chaji katika shule zisizo na umeme, na Mahakama ya Juu ikapendekeza ununuzi ule uchunguzwe. Jambo la chaji, jamani! Hata mchuuzi wa Emali hulikumbuka kabla hajafunga safari.

Ya 2022 yalikuwa na fundo jingine. Vifaa vipya 14,100 kutoka Smartmatic viliungana na takriban 41,000 vilivyobaki kutoka kwa mzabuni wa awali. Nyumba iliyojengwa na mafundi wawili ikivuja, kila mmoja hunyoosha kidole kwa mwenzake. Mkataba wa namna hiyo lazima umtaje wa kulaumiwa mapema, kwa nambari ya kifaa.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Msomaji wa Wote au Mwingi, andika barua kwa Tume uombe kurasa mbili tu: ya vigezo vya utendaji na ya makato. Wiki ijayo: nani hutia saini cheti cha upokeaji.