Ngozi na Mpindo Wake

Tutwae karatasi, tuikunje kuwa bomba. Je, imegeuka? Sisi tunaoitazama kwa inje tunasema ndiyo. Lakini mdudu anayetembea juu yake, akipima njia na pembe, hataona tofauti. Juu ya mpira, mdudu yule yule akichora pembetatu kubwa, ataona jumla ya pembe zake inapita digrii 180. Basi mipindo ni ya namna mbili: ule wa ndani, ambao uso wenyewe unaujua, na ule wa inje, unaoonekana kwa fasi uso unamokaa. Gauss, mtalamu Mdachi wa hesabu, alieleza jambo hili mwaka 1827.

Lina faida gani? Mwaka 1962 Dirac, Mwingereza, alijiuliza: elektroni ni nukta tu, ao ina ukubwa? Aliifikiri kama kimpira cha ngozi nyembamba sana chenye umeme. Umeme unaisukuma ngozi ipanuke. Mkazo wa ngozi unaivuta irudi. Nguvu hizo zikilingana, kimpira kinatulia. Kikitikiswa, kinapanuka na kusinyaa kama kifua cha mutu. Dirac alitumaini kwamba elektroni inayotikiswa hivi ndiyo muoni, ndugu yake mzito. Akapiga hesabu, akapata uzito wa elektroni 53. Lakini muoni ina uzito wa elektroni 207 hivi.

Watalamu wengine wakauliza: labda hesabu imesahau kitu? Kwa Dirac, ngozi ilitozwa kwa upana wake tu. Kupindwa kulikuwa bure. Lakini tukiliachilia bomba letu la karatasi, linafunguka lenyewe: mpindo wa inje una bei. Mwaka 1973 Helfrich alieleza kwamba hata ngozi nyembamba za lipidi zinapinga kupindwa. Mwaka 1986 Polyakov alitia bei hiyo katika hesabu ya nyuzi za fizika. Kona kali zikawa ghali. Wengine wakafanya vile vile kwa ngozi, ambazo leo zinaitwa brana. Lakini hesabu inakuwa nzito: haitoshi tena kujua fasi na mwendo wa mwanzo, lazima kujua zaidi.

Brana hizo hakuna mutu aliyeziona bado, na hesabu nzuri si ushahidi. Kwa hiyo tumsifu Dirac kwa neno moja: aliiandika 53 yake wazi mbele ya wote, ingawa ilimpinga.