Hewa ya Mzamiaji Si Dawa ya Kila Maradhi

Mfa maji haachi kutapatapa, na mzazi mwenye mtoto asiyeweza kuketi wala kusema ni mfa maji kwelikweli. Akiambiwa kuna mganga Vanga, atakwenda. Akiambiwa kuna mashine Bara Hindi, atauza shamba la minazi apate nauli. Hapana wa kumlaumu, maana ng'ombe haelemewi na nunduye. Walakini iko mashine moja ambayo yafaa tuijue vyema kabla shamba halijauzwa, nayo ni chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa hufungiwa akavutishwa oksijeni tupu.

Asili ya tiba hii twaweza kuielewa upesi sisi watu wa baharini. Kila mita 10 anazozama mtu, maji humwongezea uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mzamiaji avutaye hewa ya mtungi huko chini, damu yake hunywa sehemu ya hewa iitwayo naitrojeni. Akipanda polepole, huitoa kwa pumzi. Akipanda kwa pupa, naitrojeni hufanya mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda iliyozibuliwa ghafula, na mapovu hayo yakaleta maumivu ya viungo, kupooza, hata mauti. Dawa yake ni kumtia katika chumba madhubuti, kumrudishia shinikizo hadi mapovu yasinyae, na kumpa oksijeni ili naitrojeni itoke. Hapo matabibu hawana ubishi.

Mnamo 1960 tabibu Mholanzi, Ite Boerema wa Amsterdam, alionyesha jambo jingine. Aliwatia nguruwe, hashakum, katika chumba chenye shinikizo mara 3 ya la kawaida, akawatoa takriban damu yao yote na kuwatilia majimaji badala yake. Wakaishi muda huo bila ya zile chembe nyekundu zinazochukua oksijeni. Kumbe oksijeni ikishinikizwa huyeyuka katika majimaji ya damu yenyewe, ikafika mahali ambapo kwa kawaida ingekuwa haba.

Kwa elimu hiyo chumba kikapata kazi nyingine zilizokubaliwa. Humsaidia aliyevuta moshi wa sumu, kama ule wa jiko la makaa lililowashwa katika nyumba iliyofungwa. Husaidia vidonda vinavyooza kwa vijidudu visivyopenda hewa, baadhi ya vidonda vya mguu vya wenye kisukari, na nyama au mifupa iliyoumizwa na miale ya kutibu saratani. Wala orodha haikufungwa kwa kufuli. Mwaka 2011 chama kikuu cha matabibu wa fani hii huko Marekani kiliongeza uziwi wa ghafula, baada ya kupima ushahidi.

Lakini nje ya orodha ndiko kwenye soko. Zahanati nyingi ulimwenguni hukiuza chumba hiki kwa usonji, mtindio wa ubongo, kiharusi, usahaulifu wa uzeeni, saratani, hata uzee wenyewe. Mnamo Agosti 2013 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliwaonya raia kwamba tiba hii haikuthibitishwa kuponya saratani, usonji wala kisukari. Mwenye kisukari asichanganye mambo hapa: kusaidia kidonda cha mguu ni jambo moja, kuondoa kisukari ni jambo jingine.

Mchezo huu si mpya. Katika 1928, huko Cleveland, Marekani, tabibu aliyeitwa Orval Cunningham alijengewa na tajiri mmoja tufe la chuma lenye upana wa mita 20 hivi, orofa 5 ndani yake, kwa gharama ya dola milioni 1. Akidai kutibu kisukari, kaswende na saratani kwa hewa iliyoshinikizwa. Chama cha matabibu wa Marekani kikamtaka ushahidi, asiulete. Tufe likafungwa, na mwaka 1942 likavunjwa, chuma chake kikatumiwa vitani.

Sasa tuwatazame watoto, maana hapo ndipo moyo wa mzazi unapokatika. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Quebec, Kanada, kwa watoto 111 wenye mtindio wa ubongo. Kundi moja lilipewa oksijeni tupu kwa shinikizo mara 1.75 ya kawaida. La pili lilipewa hewa hii tuivutayo sote, iliyoshinikizwa kidogo tu. Kila mtoto aliingia mara 40. Watoto wakaendelea vizuri, wazazi wakafurahi. Walakini makundi yote mawili yaliendelea sawasawa.

Watetezi wa mashine wakasema, pengine hata shinikizo dogo lile ni dawa. Hoja hiyo ilistahili kupimwa, na ikapimwa Marekani. Katika jaribio lililochapishwa 2012, watoto 49 waliingizwa chumbani kwa shinikizo moja, mara 1.5 ya kawaida. Kundi moja lilivuta oksijeni tupu. Hewa ya kundi la pili ilipunguzwa oksijeni makusudi, hata kiasi walichopata kikawa sawa na cha mtu aliyeketi barazani kwake. Tena hapakuonekana tofauti, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Basi ni nini kilichowaendeleza wale watoto? Mtoto hukua. Mzazi hukaa naye saa nzima kila siku, akacheza naye, akamsemesha. Na mwenye tumaini huona hatua ambayo jana hakuiona. Hayo si uongo, bali ni baraka. Ila hayauzwi kwa saa, wala hayahitaji tangi la chuma. Upande wa usonji, wataalamu waliokusanya majaribio yote mnamo 2016 walipata moja tu lililostahili kuhesabiwa, la watoto 60, nalo halikuonyesha faida.

Sisemi kwamba utafiti ukomeshwe. Tabibu kutumia dawa nje ya orodha si haramu, na tiba kadhaa nzuri zilianzia hivyo. Huko Israeli, jaribio la 2022 kwa watu 73 ambao dalili za Korona ziliwakalia muda mrefu lilionyesha nafuu, nalo lastahili kurudiwa kwa watu wengi zaidi. Lakini pana mpaka baina ya kujaribu na kuuza. Anayejaribu kwa haki hukuambia waziwazi kwamba jibu halijajulikana, hulinganisha kundi na kundi, na huandika hata yale yasiyompendeza. Anayeuza hukuonyesha picha ya mtoto mmoja aliyesimama, akakuomba malipo ya mara 40.

Wala chumba chenyewe si pepo ya upole. Shinikizo laweza kupasua kiwambo cha sikio, na oksijeni ikizidi huleta kifafa cha ghafula. Baya kuliko yote ni moto, kwani palipo na oksijeni tele cheche moja yatosha. Mwaka 1997 watu 11 waliteketea katika chumba kimoja cha hospitali huko Milan, Italia. Mnamo Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alikufa chumba kilipolipuka moto katika jimbo la Michigan, Marekani.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiitwa kwenye mashine hii, uliza maswali matatu. Je, ugonjwa wa mwanangu umo katika orodha iliyokubaliwa? Ikiwa haumo, je, hili ni jaribio lililosajiliwa au ni biashara? Na mashine yenyewe hukaguliwa na nani? Akinuna mwenye kuulizwa, jibu umelipata. Kunyoosha viungo kila asubuhi kwa mikono ya mama na maelekezo ya mtaalamu wa hospitali ya karibu ni kazi ya polepole, tena haina mng'aro wa chuma. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba la minazi likibaki, litamlisha mtoto huyu siku ambayo wewe na mimi hatutakuwapo.