Bunduki Ndogo Inapokwama Risasi
Wewe mkulima wa Ufipa, ulindaye mahindi na ngedere kwa bunduki ya .22 ya zamani, ganda la risasi lisipotoka usilichokoe kwa kisu. Risasi nzima huwaka ikigongwa ukingoni. Kwanza elekeza mtutu mahali salama, kisha toa risasi zote. Nta na masizi huganda katika tundu la risasi: sugua kwa brashi, futa, tia mafuta haba. Likikwama tena, huenda kulabu ivutayo ganda imelika, au kamani yake imelegea. Risasi isipopanda, tazama midomo ya kasha lake, huenda imepinda. Wala usifyatue bunduki tupu, maana msumari wake hupiga ukingo wa tundu, ukafanya kigongo kizuiacho risasi. Hayo mpelekee fundi aliyeruhusiwa na serikali. Mahindi hupandwa tena, jicho halipandwi.