Antonov An-140

Antonov An-140 ni ndege ya abiria ya masafa mafupi iliyosanifiwa na kampuni ya Antonov mjini Kyiv, Ukraine. Ina injini mbili za turbopropu na hubeba abiria hadi 52. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Septemba 1997. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya Antonov An-24, ndege iliyohudumia miji midogo ya Umoja wa Kisovyeti tangu miaka ya 1960.

An-140 ilitengenezwa katika miji mitatu: Kharkiv (Ukraine), Samara (Urusi) na Isfahan (Iran). Hata hivyo jumla ya ndege zilizokamilika haikufika 50, ilhali An-24 zilitengenezwa zaidi ya 1,000. Historia yake inaonyesha ugumu wa kuuza ndege mpya mahali ambapo nchi moja yenye mnunuzi mmoja imegawanyika kuwa nchi nyingi zenye wanunuzi wadogo.

Asili ya mradi

Katika Umoja wa Kisovyeti shirika la ndege lilikuwa moja tu, yaani Aeroflot. Serikali iliamua ni ndege gani itengenezwe, kiwanda gani kitaitengeneza na ngapi zinahitajika. Kiwanda hakikutafuta wateja, wala Aeroflot haikutafuta mkopo wa kununulia ndege. Kwa utaratibu huo An-24, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1959, ilienea nchi nzima na kuuzwa pia kwa mataifa rafiki.

Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, Aeroflot nayo iligawanyika. Kila jamhuri ilipata shirika lake, na ndani ya Urusi yalizaliwa mamia ya mashirika madogo. Bei ya mafuta na ya tiketi ilipanda, abiria wakapungua sana, na viwanja vingi vya ndege vya wilayani vikafungwa.

Wakati huohuo An-24 zilikuwa zikizeeka. Wasanifu wa Antonov walitazamia kwamba katika muda wa miaka michache mamia ya ndege hizo yangelazimika kustaafishwa karibu kwa pamoja, na mashirika yangehitaji ndege mpya ya ukubwa uleule. Hesabu yao kuhusu umri wa ndege ilikuwa na msingi. Kilichobaki kujulikana ni kama mashirika hayo yangekuwa na fedha.

Muundo

Katika injini ya turbopropu gesi ya moto huzungusha turbini, na turbini huzungusha propela. Ndege ya aina hii huenda polepole kuliko ndege ya jeti, lakini hutumia mafuta kidogo katika safari fupi na huhitaji njia fupi ya kurukia. Wasomaji wa Tanzania wanaweza kulinganisha na ndege za ATR za shirika la Precision Air, ambazo ni za kundi hilihili.

Mabawa ya An-140 yako juu ya kiwiliwili. Kwa hiyo injini na propela hukaa mbali na mawe na vumbi, jambo muhimu kwenye viwanja visivyo na lami. Ndege ina injini ndogo ya ziada inayotoa umeme na hewa ikiwa imesimama, ili iweze kuhudumia viwanja visivyo na mitambo ya ardhini. Huendeshwa na marubani wawili, wakati An-24 ilihitaji wafanyakazi wengi zaidi katika chumba cha rubani.

Injini zake ni TV3-117VMA-SBM1, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 2,500. Zilitengenezwa na kampuni ya Motor Sich mjini Zaporizhzhia, Ukraine. Zilitokana na ukoo wa injini za helikopta kama Mi-24, hivyo kiwanda kilikuwa tayari na uzoefu wa kuzitengeneza.

Mwezi Aprili 2000 An-140 ilipata cheti cha kuruka kutoka kamati ya usafiri wa anga ya Jumuiya ya Madola Huru, yenye makao yake Moscow. Cheti hicho kilifungua soko la nchi zilizokuwa za Kisovyeti, lakini hakikutosha kuiuza katika Ulaya Magharibi. Safari za kibiashara zilianza mwaka 2002 na shirika la ndege la Odesa.

Utengenezaji katika nchi tatu

Iran ilikuwa mteja wa kwanza mkubwa. Ilikuwa vigumu kwa Iran kununua ndege za Magharibi kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na ilitaka kujenga viwanda vyake yenyewe. Katika miaka ya 1990 ilipata leseni ya kuunganisha An-140 karibu na Isfahan, katika kiwanda cha HESA. Ndege ya kwanza ya huko, iliyoitwa IrAn-140, iliruka mwaka 2001.

Nchini Urusi kiwanda cha Aviakor cha Samara kilianza kutoa ndege zake katikati ya miaka ya 2000. Shirika la Yakutia lilizitumia Siberia ya mashariki, ambako baridi ni kali na barabara ni chache.

Mpango huu ulikuwa na faida, kwa maana kila nchi hupenda kununua kitu kinachowapa kazi watu wake. Lakini ulikuwa na gharama pia. Ndege chache ziligawanywa kwa viwanda vitatu, na hakuna hata kimoja kilichofikia idadi ya kushusha bei. Aidha Samara na Isfahan zilitegemea injini na vifaa kutoka Ukraine.

Ugumu wa kuuza

Sababu kuu zilizofanya An-140 isiuzike kwa wingi ni hizi:

Fedha. Shirika la ndege kwa kawaida halinunui ndege kwa fedha taslimu. Hukopa au hukodi kwa miaka mingi. Mashirika mengi ya baada ya 1991 yalikuwa madogo, na mikopo katika nchi hizo ilikuwa na riba kubwa.

Ndege za zamani. An-24 ilikula mafuta mengi zaidi, lakini haikuwa na deni. Kwa shirika lenye abiria wachache, kuirefushia maisha kulikuwa nafuu kuliko kununua mpya.

Washindani. ATR, inayotengenezwa na Ufaransa na Italia, ilikuwa imeuzwa kwa mamia duniani kote. Zilikuwepo zilizotumika kwa bei nafuu, na vipuri vyake vilipatikana upesi. Shirika la UTair la Urusi ni miongoni mwa yaliyochagua ATR.

Matengenezo. Ndege iliyosimama kwa kukosa kipuri haileti mapato, lakini deni lake linaendelea kulipwa. Aina ya ndege iliyo chache haina maghala ya vipuri kila mahali. Hivyo uchache wa An-140 wenyewe uliwafukuza wanunuzi, na kukosekana kwa wanunuzi kukazidisha uchache huo.

Ajali

Ajali zilipunguza imani ya wateja. Tarehe 23 Desemba 2002 An-140 iliyotoka Ukraine iligonga mlima karibu na Ardestan, Iran, usiku ikikaribia Isfahan. Watu wote 44 walifariki, wengi wao wakiwa wataalamu wa Ukraine na Urusi waliokuwa wakienda kwa ajili ya mradi wenyewe.

Tarehe 23 Desemba 2005 ndege ya Shirika la Ndege la Azerbaijan ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Baku usiku, ikaua watu 23. Uchunguzi ulitaja kushindwa kwa vyombo vinavyomwonyesha rubani mkao wa ndege angani. Shirika hilo liliacha kutumia An-140, na baadaye likanunua ATR.

Tarehe 10 Agosti 2014 IrAn-140 ilianguka baada ya kuruka kutoka uwanja wa Mehrabad, Tehran. Kati ya watu 48 waliokuwemo, takribani 40 walifariki. Injini moja ilikuwa imezimika wakati wa kuruka, na wachunguzi walitaja pia uzito mkubwa wa ndege na mwongozo usioeleza vizuri uzito unaoruhusiwa. Serikali ya Iran ilisimamisha safari za ndege hizo.

Mwisho wa utengenezaji

Katika miaka ya 2010 mteja muhimu wa Samara alikuwa jeshi la Urusi. Baada ya Urusi kuitwaa Krimea mwaka 2014 na vita kuanza mashariki mwa Ukraine, serikali ya Ukraine ilipiga marufuku ushirikiano wa kijeshi na Urusi. Injini na vifaa havikupatikana tena, na kufikia mwaka 2015 kazi ya An-140 huko Samara ikasimama.

Urusi iligeukia Ilyushin Il-114, ndege nyingine ya turbopropu iliyoruka kwanza mwaka 1990. Nayo ilikuwa imepatwa na tatizo kama hilo: ilisanifiwa Moscow lakini ikaundwa Tashkent, mji ambao baada ya 1991 ulikuwa katika nchi nyingine, Uzbekistan. Utengenezaji huko uliisha mwaka 2012 baada ya ndege 20 hivi. Toleo jipya, Il-114-300, liliruka tarehe 16 Desemba 2020.

Kwa wakazi wa maeneo ya mbali kuchelewa huku si suala la biashara pekee. Tarehe 24 Julai 2025 ndege ya shirika la Angara iliyokuwa ikielekea Tynda, mashariki mwa Urusi, ilianguka na kuua watu wote 48. Ndege hiyo ilikuwa An-24 iliyotengenezwa miaka ya 1970, aina ileile ambayo An-140 ilibuniwa kuistaafisha.