Haki ya Mlemavu katika Mapato ya Halmashauri

Azimio la Arusha la 1967 lilitangaza usawa wa binadamu. Usawa huo unahitaji sheria, maana huruma haitoshi. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri, Wanging'ombe ikiwamo, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2.

Mkulima mlemavu wa Mdandu aanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Akinyimwa, asirudi nyumbani kimya: adai sababu kwa maandishi, arekebishe kasoro, kisha apeleke malalamiko kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Wajibu wa Chama, kuanzia shinani, ni kusimama naye, ili haki yake isigeuzwe fadhila ya mtumishi.